Miguu imeacha kuwaka moto, ni nafuu au ni ganzi? Kisa cha mama fundi na chupa zake tatu

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, jina hamna na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili asijulikane, ila yale ya msingi yapo kama yalivyo. Ni mama wa miaka 57, fundi cherehani, anakaa mji mdogo mkoa wa Tanga, ana kisukari aina ya 2 zaidi ya miaka 10 sasa, anatumia metformini asubuhi na jioni pamoja na glibenklamaidi asubuhi. Mi ni nesi kliniki ya kisukari, namjua huyu mama siku nyingi, ni mtu wa kufuata tarehe zake, sio wale wa kupotea miezi sita anarudi na sukari ya 25.

Shida yake kubwa ilikuwa miguu. Usiku nyayo zinawaka moto, shuka likigusa vidole anaruka, ikizidi anashuka kitandani anaenda kusimama kwenye sakafu ya saruji ili apoe, na kuna sindano sindano zinazopanda mpaka kwenye vifundo. Mchana akiwa kwenye cherehani anasahau kidogo, jua likizama inaanza tena. Wenye kisukari wanaosoma hapa wanaijua hiyo hali, na wanajua kinachoumiza zaidi ni usingizi, mtu asipolala wiki mbili hata kumwambia achunge chakula hakusikii.

Daktari alimwandikia amitriptilini ya usiku. Mama akameza siku chache, mdomo ukakauka, asubuhi anaamka mzito, afu mwanae akamsomea kile kikaratasi cha ndani ya boksi akakuta imeandikwa ni dawa ya sonona. Basi ikaishia hapo. Akasema yeye hana ugonjwa wa akili, miguu ndo inauma. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza kwamba dawa ileile kwa dozi ndogo inatuliza neva zinazotuma maumivu bila sababu, na kwamba ule uzito wa asubuhi mara nyingi unapungua ukianza na dozi ndogo na kuimeza mapema jioni badala ya saa tano usiku. Naliweka hili mbele makusudi, maana bila hilo pengo zile chupa zisingepata nafasi. Mtu hakimbilii saplimenti kwa ujinga, anakimbilia kwa sababu anaumwa na ile ya hospitali imemtisha.

Chupa zikaletwa na binti wa jirani anayeuza virutubisho. Mama alipokuja nazo niliomba nizisome moja moja, na mtu yeyote anayehudumia mgonjwa naomba afanye hivo hivo, usiulize tu "kuna dawa nyingine unatumia?" maana atakujibu hapana, kwa akili yake zile sio dawa, ni lishe.

Ya kwanza ilikuwa asidi ya alfa lipoiki, ile wanayoandika ALA, miligramu 300 kwa kidonge, anameza viwili kwa siku, na kwa maandishi madogo nyuma ya chupa kila kidonge kina pia vitamini B6 miligramu 100 na B12 kidogo. Ya pili ni asetili-L-karnitini. Ya tatu mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, seleniamu na mbegu za zabibu, ile ya "kuondoa sumu mwilini". Zote tatu kwa mwezi zilikuwa zinamla hela ya kushona magauni kadhaa, na alikuwa ameshazitumia karibu miezi 8.

Na alikuja na furaha kabisa. "Sista, hizi zimefanya kazi. Moto hamna tena, nalala mpaka adhana."

Nikamwambia hongera mama, hebu vua viatu tuangalie.

Alivaa yeboyebo. Kulia, chini kabisa ya kidole gumba, kuna kidonda cheusi katikati, pembeni pameloa na panatoa harufu kidogo. Nikageuza kile kiatu. Pini ya kushonea imepenya soli, kichwa kiko chini kimelala na mpira, ncha imetoka juu ndani, pale pale anapokanyaga. Kila akikanyaga pedeli ya cherehani ile pini inaingia kwenye nyama na yeye hajui. Hajui imeingia lini. Tulivyomwonyesha alishika mdomo, akasema labda tangu wiki ile ya sare za shule, yani wiki nzima au zaidi anatembea na pini mguuni.

Sasa hapo ndo swali la kisa chote. Miguu imeacha kuwaka, ni kweli, hadanganyi. Ni nafuu au ni ganzi?

Watu wengi, na nasema hata sisi wa afya, tunachukulia maumivu ya neva kama maumivu mengine, yakipungua maana yake panapona. Kwa neva haiko hivo. Kuna nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu na joto, na kuna nyuzi nene zinazobeba mguso na mtetemo. Sukari ikizidi muda mrefu zinaharibika zote, ila sio kwa mwendo mmoja. Neva iliyojeruhiwa inapiga kelele hata kama hakuna kinachoigusa, huo ndo moto wa usiku. Ikiendelea kuharibika inanyamaza. Ni kama mbwa wa ulinzi aliyekuwa anabweka usiku kucha leo kanyamaza, hujui kalala au kapewa sumu, lazima utoke ukaangalie. Na vyote viwili vinaweza kuwepo kwenye mguu mmoja kwa wakati mmoja, unawaka na hausikii, wagonjwa wanakwambia kabisa "sista nyayo zinachoma lakini nikikanyaga kokoto sijui."

Kwahiyo tukapima. Ule uzi wa nailoni wa gramu 10 tunaogusisha sehemu mbalimbali za unyayo, mama kafumba macho anasema "nasikia" kila anapohisi. Mguu wa kulia alisikia sehemu 3 kati ya 10, wa kushoto 4. Ile chuma ya mtetemo ya hezi 128 kwenye kidole gumba hakusikia kitu pande zote mbili, mpaka kwenye mfupa wa mbele wa mguu ndo akasema hapo naona inatetemeka. Kwenye faili lake kipimo cha uzi cha mwaka mmoja na nusu nyuma kilikuwa 8 na 8. Yani ndani ya kipindi ambacho usingizi ulikuwa unarudi, mguso ulikuwa unaondoka.

Sitaki msomaji akimbilie kusema "saplimenti zimemharibu mama wa watu". Subirini, haiko rahisi hivo, na ALA sio maji ya chumvi.

ALA ni kitu ambacho mwili wenyewe unakitengeneza kidogo, kinatumika ndani ya seli kwenye kutengeneza nguvu. Aliyekitenga kwa mara ya kwanza ni mkemia Mmarekani Lester Reed mwaka 1951, na ili apate miligramu 30 tu ilibidi apitishe karibu tani 10 za mabaki ya maini ya ng'ombe. Nawatajia hiyo kwa sababu wauzaji wanapenda kusema "ipo kwenye spinachi na maini, ni chakula tu". Ipo, ila kwa kiasi kidogo mno, miligramu 600 za kila siku huwezi kuzila kwenye sahani, ukishafika dozi hiyo unatumia dawa, uiheshimu kama dawa.

Hoja ya kuitumia kwa neva nayo ina mantiki. Sukari ikijaa kwenye seli ya neva, mitochondria, zile sehemu za seli zinazochoma chakula kutoa nguvu, zinazidiwa na kuanza kutoa molekuli kali za oksijeni zinazounguza kila kitu karibu yake, na mwaka 2001 mtafiti Michael Brownlee aliandika kwamba hapo ndo shina la madhara mengi ya kisukari yanapokutana, ya macho, ya figo na ya neva. Wakati huohuo mwili unapogeuza sukari iliyozidi kuwa sobitoli unatumia akiba ileile inayotakiwa kurudishia glutathioni, ambayo ndo kinga ya ndani dhidi ya huo mchomo, kwahiyo moto unaongezeka na wa kuzima wanapungua. ALA inafanya kazi kwenye maji na kwenye mafuta pia na inasaidia kurudisha glutathioni na vitamini C na E kazini. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana.

Ikija kwenye watu sasa. Ujerumani wameitumia kwa neva za wenye kisukari kwa miongo mingi. Mwaka 1995 ulitoka utafiti wa ALADIN, wagonjwa 328, wakawekewa ALA kwa dripu kwa wiki 3, na wale wa miligramu 600 na 1200 dalili zikapungua kuliko wale wa dripu isiyo na dawa. Mwaka 2006 ukatoka SYDNEY 2, jina lisiwachanganye, haukufanyika Australia, ulifanyika Urusi na Israeli kwa wagonjwa 181, hawa walimeza vidonge kwa wiki 5. Alama za dalili, yani maumivu ya kuchoma, kuwaka moto, sindano sindano na ganzi kama ya mguu uliolaliwa, zilishuka kwa nusu hivi kwa waliomeza miligramu 600. Wa 1200 na 1800 hawakupata zaidi ya hapo, walichoongeza ni kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Ila kuna namba moja kwenye utafiti huohuo ambayo wauzaji hawaitaji: waliomeza vidonge visivyo na kitu ndani nao dalili zao zilishuka, kwa asilimia 32. Kwahiyo kwenye ile nafuu yote ya mtu, sehemu kubwa ingekuja hata kama kidonge kingekuwa unga mtupu, kwa sababu maumivu ya neva yanapanda na kushuka yenyewe na mtu huanza dawa mpya siku yamemzidi.

Afu ikaja NATHAN 1, mwaka 2011, wagonjwa 460, miligramu 600 kwa siku kwa miaka 4. Hapa ndo waliuliza swali la mama fundi haswa, je ukimeza muda mrefu neva yenyewe inapona? Kipimo kikuu walichokipanga, cha kuunganisha uchunguzi wa miguu na vipimo vya mashine vya neva, hakikuonyesha tofauti na wale wa kidonge hewa. Baadhi ya dalili za uchunguzi zilikuwa afadhali kidogo, kasi ya neva kwenye mashine haikubadilika. Na Januari 2024 wale wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, wakakusanya tafiti za miezi 6 na kuendelea, walizokubali zilikuwa 3 zenye watu 816, jibu lao ni kwamba baada ya miezi 6 ALA pengine haina tofauti kubwa na kidonge hewa kwenye dalili za neva.

Mi nikiziweka pamoja nazisoma hivi: kwa wiki chache inaweza kukupunguzia moto, hasa kwa dripu, na matangazo mengi ya vidonge yanabeba sifa za dripu. Kwa miaka, kuokoa neva, hapana, hatujaona. Mama fundi aliuziwa hiyo ya kuokoa neva.

Turudi kwenye kiti chake. Tukiwa na neva zinazokufa, kazi ilikuwa kujua nani anaziua, na hapa washukiwa walikuwa watatu.

Wa kwanza sukari yenyewe. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilikuja asilimia 10.1. Miezi ya nyuma kilikuwa chini ya 9. Kumbe tangu moto upungue alilegeza, kwa akili yake miguu ndo ilikuwa kipimo chake cha sukari, ikiwaka anajua leo nimekosea chakula, ikitulia anajua niko sawa. Hili nimelisikia kwa wagonjwa wengi sana na linaniumiza, dawa ya kutuliza dalili ikimwondolea mtu ile hofu iliyokuwa inamfanya achunge.

Wa pili metformini. Sio mbaya, ni dawa nzuri na asije mtu akaiacha kwa kusoma hapa, ila ikitumika miaka mingi inapunguza vitamini B12 kufyonzwa kwenye utumbo mdogo, na upungufu wa B12 unaleta ganzi na kuchoma miguuni kunakofanana kabisa na kwa kisukari. Uingereza mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa mtu wa metformini akianza kuwa na dalili za namna hii. Kwetu kipimo hakikuwepo, mama akaenda maabara binafsi mjini, majibu yakaja ya kawaida. Nesi mwenzangu akafurahi, daktari akatikisa kichwa. Ameshameza B12 ya kwenye chupa miezi 8, damu lazima isome vizuri, haituambii alikuwa wapi kabla ya hapo na haituambii neva zilipata au la. Yani chupa ilifuta ushahidi. Daktari akaamua apewe sindano za B12 za miligramu 1 kwa muda, ni bei nafuu na hazina madhara ya kuogopa, kuliko kukaa tunabishana na karatasi.

Kingine cha kuangalia kwenye multivitamini ni asidi ya foliki. Mtu mwenye upungufu wa B12 akinywa foliki nyingi damu yake inaweza kuonekana nzuri, wingi wa damu uko sawa, huku neva zinaendelea kuharibika kimyakimya. Kwa huyu mama haikuwemo.

Wa tatu ndo aliyenishtua, B6. Vidonge viwili, miligramu 100 kila kimoja, ni miligramu 200 kwa siku, kila siku, kwa miezi 8. B6 ni vitamini ya neva, wote tunaijua, mgonjwa wa TB anayetumia isoniazidi anapewa kidogo ili miguu isife ganzi. Ila ikizidi inafanya kinyume, inaharibu zile neva za kuhisi. Mwaka 1983 madaktari Marekani waliripoti watu 7 waliokuwa wanameza gramu 2 mpaka 6 kwa siku, wakafika hatua hawajui miguu iko wapi wakifumba macho. Dozi hizo ni kubwa sana, lakini baadae ikaonekana hata dozi za chini ya hapo zikimezwa muda mrefu zinaleta shida kwa baadhi ya watu, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu cha mtu mzima kutoka miligramu 25 mpaka 12 kwa siku. Linganisha 12 na 200. Na ganzi ya B6 ikija kwa mtu wa kisukari nani ataijua? Atasema sukari inaendelea kunila, ataongeza kidonge cha neva.

Kwahiyo mama wa watu ana ganzi ya sukari, pengine na ya B12, na juu yake anaongeza inayoweza kuwa ya B6, na moto unapoozwa na ALA au na muda au na kufa kwa nyuzi zenyewe. Nani kafanya nini kwa kiasi gani, hakuna kipimo cha kutenganisha pale kliniki kwetu, na nadhani hata hospitali kubwa wangehangaika.

Kuna kitu kingine tulikigundua kwa kumwuliza tu ratiba ya asubuhi. ALA inafyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kwahiyo aliambiwa ameze nusu saa kabla ya kula. Yeye akawa anameza vyote pamoja saa kumi na mbili, ALA, metformini na glibenklamaidi, anasubiri, wateja wanaanza kuingia, chai anakuja kunywa saa nne. Saa tatu anatetemeka na jasho la baridi, anadhani ni presha. Siku moja binti yake alimpima sukari akakuta 3.2, iko chini mno. Glibenklamaidi inasukuma insulini ule au usile, kumeza bila chai ni hatari peke yake, na ALA nayo inaweza kuongeza kushusha kidogo. Hapo chupa haikumdhuru kwa kilichomo, ilimdhuru kwa kubadilisha saa ya kunywa chai.

Uamuzi ukawa hivi. Kidonda kwanza, kusafishwa, antibayotiki, mguu usikanyage, cherehani ya pedeli marufuku mpaka kifunge, hilo lilimliza kuliko pini. Chupa zote tatu pembeni. Glibenklamaidi ikabadilishwa, sukari ishushwe taratibu, sio kwa pupa, maana ikishuka ghafla sana kutoka juu nayo inaweza kuamsha maumivu makali ya neva. Amitriptilini irudi, miligramu 10 saa moja jioni, na safari hii daktari alikaa naye, akamwambia mama hii kwa dozi hii ni ya miguu yako, akampima moyo kabla. Kuna gabapentini, pregabalini na duloksetini kama hii ingegoma, kila moja ina upande wake wa kusaidia na wa kusumbua.

Wiki ya tatu baada ya kuacha chupa akarudi amekasirika. Moto umerudi. "Si nliwaambia zinafanya kazi, mmezitoa ona sasa."

Naikubali hasira yake na sikumbishia, kwa sababu anaweza kuwa sahihi, pengine ALA ilikuwa inapooza kweli na sasa haipo. Inaweza pia kuwa B6, maana ukiacha B6 iliyozidi dalili huwa zinaendelea kuzidi wiki kadhaa kabla hazijaanza kurudi nyuma. Na inaweza kuwa neva zinaamka, sukari imeshuka, zile zilizokuwa zimenyamaza zinaanza kupiga kelele tena, na hiyo ndo ngumu kumweleza mgonjwa, kwamba kuwaka huku kunaweza kuwa habari nzuri. Jibu hatukulitafuta kwenye maneno, tukalitafuta kwenye uzi. Kulia 4, kushoto 5. Sio ushindi, tofauti ya moja inaweza kuwa mkono wa mpimaji, ila haijashuka. Amitriptilini ikapandishwa mpaka 25, akavumilia.

Miezi ya mbele kidonda kilifunga, uzi ukafika 6 na 6, mtetemo kwenye kidole gumba bado sifuri, sukari ya miezi 3 ikashuka mpaka 7.9. Moto upo siku nyingine, hasa akisimama sana, ila analala.

Aliuliza kama anaweza kurudia ALA. Tulikaa na daktari tukamjibu kwa ukweli: ukitaka jaribu, iwe ALA tupu isiyo na B6, miligramu 600 isizidi, chai isicheleweshwe, sukari ipimwe zaidi wiki za mwanzo, na tuipe wiki 5, isipoonyesha kitu inaachwa. Sio dhambi. Lakini ile hela kwanza inunue viatu vya kufunika vyenye soli ngumu, vya kuvaa hata ndani ya chumba cha kushonea, na stripu za kupimia. Alinunua viatu. ALA hajarudia mpaka leo, anasema akipata hela ya ziada ataona.

Kwa wenye mzazi wa kisukari nyumbani, kuna kipimo hakihitaji uzi wala hela, kilitokea hospitali ya Ipswich kule Uingereza. Mwambie afumbe macho, gusa kwa wepesi kabisa ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na kidogo cha mwisho, miguu yote miwili, yani vidole 6, sekunde 1 mpaka 2 kila kimoja, usibonyeze, usisugue, yeye aseme ukimgusa. Asiposikia viwili au zaidi, ana ganzi ya hatari hata kama anakwambia miguu imepona, apelekwe. Na yale mabeseni ya maji ya moto na chumvi ya kukandia miguu tuyaache, mguu usiosikia pini hausikii maji yanayounguza, tunapokea watu nyayo zimetoka malengelenge na hawajui.

Bado lile la chupa ya pili, ya karnitini, ambalo lingeweza kupita bila mtu kujua. Wakati nazisoma mama alisema hiyo anagawana na mdogo wake, naye miguu na mikono inamwaka, yuko kwenye dripu za kansa ya titi Dar. Nikauliza dripu gani, akapiga simu, paklitakseli. Dawa hiyo inajulikana kwa kuumiza neva, na wazo la kumkinga mtu kwa karnitini lilijaribiwa Marekani kwa wanawake 409 wenye kansa ya titi, gramu 3 kwa siku kwa wiki 24, majibu yakatoka mwaka 2013: waliomeza karnitini neva zao zilikuwa mbaya zaidi kuliko waliomeza kidonge hewa. Nyingine kama vitamini C na E kwa dozi kubwa nazo madaktari wa kansa wengi hawazitaki wakati wa dripu, kwa sababu baadhi ya tiba zinategemea huohuo mchomo kuua seli za kansa. Mdogo mtu hakuwa amemwambia daktari wake, sio kwa kuficha, hakuona kama ni dawa. Tukamwambia aache siku hiyohiyo na aende na chupa mkononi kabla ya dripu inayofuata. Alienda. Daktari wake akampunguzia dozi ya paklitakseli na kumwanzishia duloksetini, na tangu hapo chupa yoyote anayopewa na mtu anaipiga picha ya nyuma, pale kwenye maandishi madogo, anamtumia dada yake, dada ananiletea mimi.